Maswali kwa Ami: "Nimetoa toleo jipya, mbona roboti haioni?"

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazogusana, moja ya Jambiani, moja ya Wete na moja ya Mkoani. Nimeamua kuzijibu pamoja. Ya kwanza nitakaa nayo muda mrefu kuliko wenzake, maana kuna watu wanaoumia wakati sisi tunaandikiana.

Barua ya Jambiani

*Assalaam aleikum Ami, na shikamoo. Mwaka jana nilitengeneza programu ya simu inayoonyesha kujaa na kupwa kwa maji, kwa ajili ya wakulima wa mwani wa huku kwetu. Msimbo wake uko wazi, na programu yenyewe inapatikana F-Droid, lile duka la programu huria za Android. Toleo 1.3 lilikuwa na kosa baya. Maji yakipwa saa 4 asubuhi, simu ilikuwa ikiandika 10:00, na shangazi zangu wakisoma ni saa 10 alfajiri. Mara mbili wameteremka pwani gizani na kamba zao na taitai, wakakuta maji yamejaa pomoni. Nimerekebisha. Ukurasa wa "Kuhusu" sasa unasema 1.4, nimepushi kila kitu (yaani nimekipeleka kwenye seva), na kwenye ujumbe nimeandika "toleo jipya tayari inshaallah". Hii ni wiki ya tatu na F-Droid bado inatoa 1.3. Rafiki yangu akaniambia roboti yao ya kukagua matoleo inatafuta tagi, yaani jina linalobandikwa kwenye hali fulani ya msimbo, nami nikaweka tagi "1.4-mwisho-kweli". Bado kimya. Nimekosea wapi?*

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba. Wape pole shangazi zako. Nakwambia kwa nini kosa lako limewaumiza kiasi hicho. Siku za bamvu, maji ya visiwa vyetu hujaa mnamo saa 10 na kupwa mnamo saa 4, na kati ya kujaa na kupwa ni kiasi cha saa sita. Na saa ya Kiswahili na ile ya simu zinapishana kwa saa sita hizo hizo. Kwa hiyo programu yako haikumpotosha mtu kwa nusu saa. Ilimtoa kwenye kupwa ikampeleka moja kwa moja kwenye kujaa, na bahari yetu ya bamvu hupanda na kushuka karibu mita 4. Hapo ndipo ninapoona uzito wa swali lako. Dawa ipo, umeshaitengeneza, iko ndani ya kompyuta yako, na imekwama njiani kwa sababu ya alama.

F-Droid, tangu ilipoanza mwaka 2010, desturi yake ni kuchukua msimbo kwako na kuijenga programu yenyewe kwenye seva zao. Kila programu ina faili la maelezo kule kwao, na ndani yake umeandikwa utaratibu wa kugundua toleo jipya. Faili hilo liko wazi kwa kila mtu, na la kwako nimelisoma. Kuna mstari huu:

`UpdateCheckMode: Tags ^v[0-9.]+$`

Maana yake: "Angalia tagi. Zinazokuhusu ni zile zinazoanza na herufi v, kisha tarakimu na nukta tu, mpaka mwisho." Hivyo ndivyo ulivyofanya mwenyewe kwa v1.2 na v1.3, na aliyekusaidia kuandika faili hilo akafuata desturi yako. Sasa umeleta "1.4-mwisho-kweli". Haina v, ina vistari, ina maneno. Roboti hata ingeiona ingeipita, kama mchukuzi wa gati la Mkoani anavyolipita gunia lisilo na alama ya tajiri wake. Baba yangu alikuwa akipiga alama magunia ya karafuu kwa rangi nyeusi, na nilipokuwa mdogo nilidhani ile ni mapambo. Alinipa burashi nipige mwenyewe, nikaipinda alama kidogo kwa uzuri. Gunia lile lilibaki gatini.

Lakini roboti haijaiona tagi yako kabisa. Nimefungua hazina yako ya msimbo na orodha ya tagi inaishia v1.3. Umepushi msimbo bila kupushi tagi. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, tangu Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005, haichukulii kwamba ukipushi tawi (mkondo wa msimbo unaoufanyia kazi) unataka na tagi ziende. Tagi inabaki kwenye laptopu yako mpaka uitaje kwa jina. Kosa hili limewapata watu wengi sana, wakiwemo wenye miaka kumi kazini, kwa sababu ukiandika `git tag` nyumbani unaiona, na macho yako yanakuambia kazi imekwisha.

Ngoja, bado. Hata ungeipa jina zuri na kuipushi, ingekwama mbele. Programu ya Android ina namba mbili. Ile ya watu, `versionName`, ndiyo 1.3 au 1.4. Ile ya mashine, `versionCode`, ni namba nzima isiyo na nukta, na simu huangalia hiyo tu kuamua kipi ni kipya. Wewe umebadilisha ukurasa wa "Kuhusu", lakini `versionCode` yako bado ni 7, kama ilivyokuwa kwenye 1.3. Kwa simu ya shangazi yako, 7 na 7 ni kitu kimoja.

Na la mwisho, ambalo limenichukua muda kuliona: mstari wa `versionName` wako hauna namba. Umeandika amri inayouliza Git jina la tagi wakati wa kujenga. Ni ufundi mzuri ukijenga mwenyewe nyumbani. Lakini roboti ya kukagua matoleo haiendeshi msimbo wako. Inalisoma faili kama maandishi, ikitafuta namba kwa macho. Ikikuta amri badala ya namba, haina cha kuchukua. Iandike namba waziwazi.

Basi fanya hivi, na kwa mpangilio huu. Kwanza namba ndani ya faili la kujengea programu:

`versionCode = 8`
`versionName = "1.4.0"`

Kisha andika faili la maelezo ya toleo, `fastlane/metadata/android/sw/changelogs/8.txt`. Ile 8 ni `versionCode`, usiandike 1.4.0 hapo. Mwisho ni herufi 500, kwa hiyo waandikie shangazi zako, usiwaandikie mafundi wenzako: "Saa sasa zinaandikwa kwa Kiswahili. Saa 4 asubuhi ni saa 4 asubuhi." Kisha:

`git tag -d 1.4-mwisho-kweli`
`git add .`
`git commit -m "Toleo 1.4.0"`
`git tag -a v1.4.0 -m "Toleo 1.4.0: saa za Kiswahili zimesahihishwa"`
`git push origin main v1.4.0`

Ule mstari wa kwanza unafuta tagi yako ya zamani. Unaweza kuifuta kwa amani kwa sababu haijatoka nje ya laptopu yako na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiona. Ingekuwa imetoka, ningekuambia usiiguse, na sababu utaiona kwenye barua ya tatu.

Mpangilio una maana yake. Tagi inabandikwa kwenye hali ya msimbo ya wakati ule ule. Ukitagi kwanza ndipo ukabadilisha namba, roboti itafungua v1.4.0 na ndani itakuta namba za 1.3. Nimeona vijana wakiulizana siku nzima kwa jambo hilo, kila mmoja akiapa kwamba namba ameibadilisha, na kweli ameibadilisha, ila baada ya tagi.

Ile `-a` nayo usiiache. Bila yake tagi inakuwa jina tupu lililobandikwa. Ukiiweka, tagi inabeba jina la aliyeiweka, tarehe na ujumbe, na `git describe`, amri inayotaja toleo kwa kutumia tagi, kwa kawaida inahesabu tagi za namna hiyo tu. Ukiwa na ufunguo wa kusaini, tumia `-s` badala ya `-a`, na mtu aliye mbali ataweza kuthibitisha kwamba aliyetoa toleo ni wewe.

Ukimaliza, usiamini macho ya laptopu yako. Iulize seva:

`git ls-remote --tags origin`

Utaona v1.4.0 imeandikwa mara mbili, ya pili ikiishia na alama `^{}`. Usishtuke. Mstari wa kwanza ni tagi yenyewe, wa pili ni msimbo inaouelekeza. Ukiiona hapo, na roboti itaiona. Baada ya hapo seva ya ujenzi ina foleni yake na kusaini kunafanywa kwa zamu, kwa hiyo subiri siku kadhaa bila kugusagusa namba. Na leo hii, kabla ya yote, watumie shangazi zako ujumbe wa sauti: simu ikisema 10, ni saa 4.

Barua ya Wete

*Ami, sisi ni vijana wa madrasa moja hapa Wete. Kila Ramadhani tunatoa programu ya imsakiya, jedwali la nyakati za kufunga na kufuturu. Namba zetu zilikuwa 2023.1 na 2024.1. Kwa Ramadhani ya 1446 mwalimu wetu alisema haina maana imsakiya kuhesabiwa kwa mwaka wa kizungu, tukatoa 1446.1. Kompyuta yetu inayojenga na kusambaza kwenye tabuleti za wanafunzi ikakataa, ikasema kilichomo ni kipya zaidi. Tukalazimisha kwa mkono, tabuleti moja moja. Mwalimu aliona kama mashine inaidharau kalenda yetu, na mwakani hatutaki yaturudie.*

Mfikishieni mwalimu wenu salamu zangu za heshima, na mwambieni kwamba mashine haijui kalenda yoyote, ya Hijria wala ya Miladi. Inalinganisha 1446 na 2024, na 1446 ni ndogo. Ingekuwa mlianza na Hijria tangu siku ya kwanza, ingewafuata bila neno: 1444, 1445, 1446. Tatizo ni kuvuka kutoka hesabu kubwa kwenda ndogo.

Zipo njia za kulazimisha. Kwenye Debian, mfumo mmoja wa kompyuta wa jamii ya Linux, kwa mfano, mtu anaweza kuweka namba ya ziada mbele, ikawa `1:1446.1`, na ile 1 yenye nuktapacha inashinda kila kilichotangulia. Lakini ukishaiweka hutaitoa tena maisha, na kila atakayekuja baada yenu ataibeba. Mimi nisingewashauri. Namba iacheni iendelee na hesabu ya kwanza, na jina la toleo, lile linaloonekana kwenye uso wa programu, liwe "Imsakiya ya Ramadhani 1446". Mwanafunzi atasoma Hijria. Mashine itasoma namba inayopanda. Na kwa kuwa mmeshavuka, toleo lijalo likiwa na mwaka wa Miladi litakuwa kubwa kuliko 1446.1 na kuliko yote ya zamani, kwa hiyo kurudi ni rahisi.

Kuna jambo hamkuliuliza ila kwa imsakiya ni muhimu kuliko namba. Mnaijenga lini, kabla ya mwezi kuandama au baada? Nyote mnajua kwamba jedwali linaloandaliwa Shaabani lina siku moja isiyo na uhakika. Toleo lile la kabla ya mwezi halipaswi kuitwa toleo kamili. Liiteni `2026.1.0-rc.1`; rc ni kifupi cha *release candidate*, toleo linalosubiri kuthibitishwa. Kwa kanuni ya namba za matoleo inayofuatwa na wengi, ile yenye maandishi hupangwa nyuma ya 2026.1.0 tupu, ingawa mtu akitazama haraka atadhani ndiyo ndefu na ndiyo kubwa. Mwezi ukiandama, mnahakiki, mnatoa `2026.1.0`, na kila tabuleti inajua kwamba hii imeishinda ile. Kama kompyuta yenu inatumia vifurushi vya Debian, kistari hakifanyi kazi hiyo. Huko inatumika alama ya wimbi, `2026.1.0~rc1`, nayo ndiyo inayorudi nyuma.

Na mkifika toleo la kumi, angalieni mtambo wenu unapangaje. Ukipanga kwa herufi kama kamusi, 2026.10 itakaa kabla ya 2026.9, kwa sababu 1 inatangulia 9. Ukipanga kwa namba, kumi inakuja baada ya tisa kama inavyostahiki. Kwenye Git amri ya `git tag --sort=-v:refname` inapanga kwa namba na kuweka kubwa juu.

Tarehe kwenye orodha ya mabadiliko iandikeni 2025-03-01. Mkiandika 01/03/2025, mimi Chake Chake nitasoma 1 Machi, na mtu wa Marekani atasoma 3 Januari. Kwenye programu ya funga, hilo si kosa la kuvumilia.

Barua ya Mkoani

*Ami, nilitoa toleo 2.0.1 la programu yangu ya hesabu za duka. Baada ya dakika kumi nikaona kosa la tahajia. Nikarekebisha, nikaihamisha tagi, nikapandisha faili jipya kwa jina lile lile. Mtu anayenisaidia kusambaza ameniandikia kwa ukali kwamba jumla ya faili haikubaliani, na ananiuliza kama seva yangu imeingiliwa. Kwa neno moja la tahajia?*

Mwanangu, ana haki ya kukuuliza. Yeye hana njia ya kujua kwamba ni neno moja. Ulipotoa 2.0.1, mtambo wake ulilichukua faili, ukalifanyia hesabu ya SHA-256, inayotoa alama moja kwa yaliyomo yote, ukaandika jibu; jibu hilo ndilo jumla ya faili. Herufi moja ikibadilika, jibu linabadilika lote. Mwizi akilibadilisha faili lako usiku, mtambo utaonyesha vile vile. Kwa hiyo ukasimama, na ulipaswa kusimama.

Mitambo hii inajali jambo hili hata pale ambapo hakuna kilichobadilika ndani. Tarehe 30 Januari 2023, GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, walibadilisha njia ya kubana mafaili wanayoyatengeneza wenyewe kutoka kwenye tagi. Yaliyomo yalikuwa yale yale, herufi kwa herufi, ila umbo la nje likatofautiana, na ujenzi wa watu ukavunjika ulimwengu mzima. Walilirudisha siku ile ile. Tangu hapo nawaambia vijana: faili la toleo litengeneze mwenyewe, lipandishe pamoja na jumla yake, usitegemee linalozalishwa upya kila likiombwa.

Kuhamisha tagi nimewahi kukufanya mimi, na nakueleza ilivyokuwa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa namtunzia mfanyabiashara mmoja programu ya mauzo, ana duka Darajani na duka huku Chake Chake. Nilitoa 2.6.0, nikaona kosa kwenye kukokotoa punguzo, nikaihamisha tagi juu ya marekebisho, bila kubadilisha namba. Kompyuta ya Chake ilikuwa bado haijachukua, ikapata jipya. Ya Darajani ilishachukua la kwanza. Mwisho wa mwezi hesabu hazikutangamana, na vioo vyote viwili viliandika 2.6.0. Karani wa Darajani alishukiwa. Nilipanda boti ya asubuhi kutoka Mkoani nikiwa na laptopu yenye nakala ya Chake, nikaziweka mbili upande kwa upande juu ya meza ya duka, nikaingiza mauzo yale yale mara moja huku na mara moja kule. Jumla zilitofautiana kwenye mstari wa punguzo. Yule karani alikuwa amesimama nyuma yangu. Nimemwomba radhi mbele ya tajiri wake, na mpaka leo nikitaka kuhamisha tagi mkono unanizuia.

Git wenyewe wamelitilia mkazo. Tangu toleo lao la 2.20 la Desemba 2018, `git fetch`, amri ya kuchukua mapya kutoka kwenye seva, inakataa kuibadilisha tagi uliyonayo mpaka uilazimishe. Kwa hiyo walioichukua tagi yako ya kwanza watabaki na ya kwanza, na waliokuja baadaye wana ya pili, na wote wawili wanaiita v2.0.1.

Mwandikie huyo msaidizi wako leo, kwa unyenyekevu, umweleze kwamba uliyebadilisha ni wewe, saa ngapi na neno gani. Marekebisho ya tahajia yatoe kama 2.0.2, na tagi yake mpya. Tagi ya v2.0.1 irudishe kwenye msimbo ilipokuwa mwanzo. Na faili la kwanza la 2.0.1, kama bado unalo kwenye laptopu, lirudishe mahali pake likiwa na lile kosa lake la tahajia, ili jumla aliyoiandika yule bwana ikubaliane. Ukiwa umelifuta, mwombe yeye. Mtambo wake huenda bado unayo nakala.